Sumu kwa bei ya nauli

Neno mihadarati limetujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile la kufa ganzi, kama mkono ulioulalia usiku kucha ukaamka huuhisi. Waliotuletea neno hilo, naona, walikitambua kitu chenyewe kuliko sisi tuliokuja kukiita "dawa za kulevya", kwani mtoto akisikia dawa haogopi. Dawa amezoea kunyweshwa na mamake. Naanzia hapo kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu, na pia kwa sababu siku nne nilizotembea Ruiru na Thika zimenionyesha kwamba ganzi hiyo haikuwashika vijana peke yao.

Ruiru nilifikia kwa mpwa wangu, fundi wa umeme, aliyepanga chumba katika mojawapo ya majumba marefu yaliyoota palipokuwa na mibuni. Zamani wakulima waliujua mji huu kwa kahawa. Mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ilipata jina lake hapo. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta mjini watu 238,858. Ile ya mwaka 2019 ikakuta 490,120. Maana yake ni kwamba katika kila watu wawili waliohesabiwa mara ya pili, karibu mmoja hakuwako miaka kumi kabla yake. Mji mzima ni wageni, na mgeni hamkanyi mtoto wa mwenziwe.

Nilipokuwa mdogo, Mji wa Kale kule Mombasa, mzee yeyote aliyenikuta nazurura saa ya chuo alinishika sikio akanipeleka kwa mwalimu, na jioni babangu humwendea akamshukuru. Nilikuwa namsimulia mpwa wangu habari hizo tulipowapita vijana watatu nyuma ya kibanda, moshi wa bangi umewazunguka, masweta ya shule wameyakunja ndani ya mikoba. "Mjomba," akaniambia, "hapa ukimkanya mtoto wa mtu, mamake atakuuliza wewe ni nani. Na kweli hanijui." Tukapita.

Thika nilizungumza na kijana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwenye adabu na maneno mazuri. Kila asubuhi hupewa shilingi mia, ya nauli na ya chakula cha mchana. Yeye huenda kwa miguu, akashinda na njaa, na zile fedha wakachanga na wenziwe kununua muguka. "Mzee, ukitafuna hiyo, njaa huisikii," aliniambia, kana kwamba ananipa habari njema.

Majani hayo hayatoki ng'ambo. Muguka hutoka Embu na miraa hutoka Meru, yakashuka kwa magari yaendayo kasi ya kutisha kwa njia hii hii ya Thika na Ruiru hadi Nairobi, na mengine hadi kwetu. Muguka utafunwao Likoni jioni, asubuhi yake ulipita hapa. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, wakulima wa Embu wakapiga kelele, na mahakama ikasimamisha amri hizo. Sitaki kuwaonea wakulima hao, wala sisemi kila mtafunaji ni mgonjwa. Nimekaa mabarazani na wazee waliotafuna miaka arubaini, na kila usiku wakalala. Lakini mtoto wa shule hatafuni kama mzee. Jani lile huamsha mwili na kufukuza usingizi. Mtoto akakesha, kesho yake darasani hasikii neno, na ili apate kulala hutafuta kitu cha kumshusha. Hapo ndipo bangi huingia, na pombe, na vile vidonge vya usingizi viitwavyo bugizi mitaani, ambavyo halali yake ni kuandikwa na daktari. Kijana yule aliniorodheshea vyote hivyo bila ya kusita.

Katika pombe sheria ipo, tena imeandikwa vizuri. Sheria ya mwaka 2010, ambayo watu wengi huiita ya Mututho, inakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18, inakataza pombe kali katika vijipakiti na chupa ndogo kuliko mililita 250, na hairuhusu leseni ya baa katika umbali wa mita 300 kutoka shule. Nilisimama mlangoni pa shule moja, jina lake nalisitiri, nikatembea hadi kwenye baa iliyo karibu nikihesabu hatua. Zilikuwa 190, na hatua zangu si ndefu.

Pombe ya magendo ni balaa zaidi, kwa kuwa aghalabu huongezwa methanoli, spiriti ya viwandani. Methanoli ikiingia mwilini ini huigeuza kuwa asidi inayouunguza mshipa wa jicho, ndiyo maana mnywaji huamka akiuliza kwa nini taa zimezimwa mchana. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu mia katika Nairobi. Mwezi wa Mei mwaka 2014 iliua wengi katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwamo, yaani kaunti yenye Thika na Ruiru. Mwezi wa Februari mwaka 2024 ikaua watu wasiopungua 17 Kirinyaga. Baada ya kila msiba huwa kuna msako, na baada ya msako hurudi kimya.

Uchunguzi uliotolewa na NACADA mwaka 2022 ulisema Mkenya mmoja katika kila sita, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia kileo cha namna fulani, na kwamba wako walioanza tumbaku na miaka sita. Siku hizi tumbaku yenyewe haihitaji kiberiti. Pana vipakiti vidogo vyeupe vya nikotini, mtoto hukiweka kimoja chini ya mdomo akamtazama mwalimu usoni, wala mwalimu hajui kitu. Na kabla ya yote hayo kuna gundi ya viatu ya watoto wa mitaani, ambayo mvuke wake huweza kuusimamisha moyo ghafla, hata kwa anayeivuta mara ya kwanza.

Madaktari wanatueleza kwamba ubongo wa binadamu hauishi kujengeka mpaka karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kupima mambo na kujizuia. Kwa hiyo bangi ya mtoto wa miaka kumi na nne huingia katika nyumba ambayo bado haijaezekwa. Kumbukumbu hupungua, masomo yakamshinda, na baadhi yao, hasa wenye ugonjwa wa akili katika ukoo, husikia sauti zisizokuwapo. Wazazi husema mtoto amerogwa.

Sisi wa pwani tulisema hivyo hivyo. Unga ulipoingia Mombasa, Malindi na Lamu, baba mwenye heshima zake aliulizwa mwanawe yuko wapi, akajibu ana homa, au amekwenda kwa mjomba wake. Nimewajua wazee wa namna hiyo. Na wengine nimewazikia watoto wao. Tulilaumu meli, na meli zilikuwapo: mwezi wa Aprili mwaka 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini baharini mashariki ya Mombasa. Lakini kule kuona haya kulikuwa kwetu wenyewe. Sindano moja ilipita mikono mitano, Ukimwi ukapita nayo, na tiba ya methadoni ilikuja kuanzishwa na serikali Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, kisha Malindi mwaka 2015. Makaburi yalikuwa yamekwisha kujaa.

Kwa hiyo pale Thika nilipoambiwa na mama mmoja kwamba mwanawe yuko Nakuru, na huku nasikia kikohozi nyuma ya pazia, nilikitambua kile kisa. Mama huyu hufanya kazi kiwandani zamu ya mchana na mara nyingine ya usiku, na mumewe ni dereva wa masafa. Sikumwambia kitu siku hiyo. Usiku, katika gari la kurudi Ruiru, nilitunga ubeti huu:

Mwana yu kimya chumbani, mlango ameufunga,
Baba yuko safarini, riziki anaiunga,
Majirani wa nyumbani, vinywani watia nanga,
Ni nani wa kumuonya, kijana kabla ya janga?

Kesho yake nilirudi, tukakaa nje juu ya vigoda, nikamsimulia ya kwetu pwani bila ya kumtaja mwanawe. Alisikiliza kitambo, halafu akasema mwenyewe, "Hayuko Nakuru, mzee." Alikuwa amekwisha kumpiga, amekwisha kumwombea, na alikuwa akifikiria kumfungia ndani wiki nzima asionje hata tone. Nikamsihi asifanye hivyo, kwani aliyezoea pombe kila siku akikatizwa ghafla huweza kushikwa na kifafa akafa. Yataka mganga wa hospitali amshushe polepole. Nikamwambia pia kwamba bangi na muguka havina kidonge cha kuviondoa, kazi yake ni mashauri ya miezi, na mara nyingi kijana hurudi nyuma mara moja au mbili kabla hajasimama. Hakupendezwa na habari hiyo, lakini alishukuru kuijua.

Nikampa nambari ya simu ya NACADA, 1192. Aliiandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda, akaniuliza kama hupokea usiku, maana mchana yuko kazini, na kama atahitaji kutaja jina la mtoto mwanzo. Nilimwambia wanapokea saa zote ishirini na nne, bila malipo, na kwamba aanze kwa kueleza shida. Pazia likasogea kidogo, naye akamwita mwanawe aje amwamkie mgeni.