Wakulima wa Kijapani wa Livingston

Kabla ya mwaka 1906 nchi iliyo kando ya mji mdogo wa Livingston, katika jimbo la California huko Marekani, ilikuwa mchanga mtupu, na upepo ulipovuma uling'oa miche. Hapo ndipo Bwana Kyutaro Abiko, mwenye gazeti la Nichibei Shimbun mjini San Francisco, alipowaita Wajapani wenzake waje kulima. Alikwisha pata eka 3,200, akawauzia kwa mafungu ya eka 40. Alitaka waache kuhamahama wakitafuta vibarua, wakae na jamaa zao. Makao hayo yakaitwa Yamato, jina la kale la Japani.

Walipanda mizabibu na mipichi, na katika kungoja matunda walilima mboga. Walikubaliana wasifungue maduka ya kushindana na wafanya biashara wa mji. Shauri la busara, kwa maana chuki juu ya Wajapani ilikuwa kubwa pwani yote ile. Hata hivyo, mwaka 1913 sheria ya California iliwakataza wageni wasioweza kupewa uraia, nao Wajapani wakiwamo, kununua ardhi. Wengine wakanunua kwa majina ya watoto wao, ambao kwa kuzaliwa Marekani walikuwa raia.

Pichi likiiva halingoji bei nzuri, na mwenye masanduku machache hana nguvu mbele ya mnunuzi wa mbali. Basi mwaka 1914 wakaunda chama cha ushirika.

Faida ya mazoea hayo ilionekana hasa mwaka 1942. Mwezi wa Februari, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, Rais Roosevelt alitia sahihi amri iliyoliwezesha jeshi kuwahamisha. Wakulima hao, pamoja na jirani zao wa Cortez na Cressey, walipelekwa Merced, kisha kambi ya Amache katika Colorado. Kwingineko Wajapani wengi waliuza mali zao kwa bei ya kutupa. Hawa waliyaweka mashamba yao pamoja chini ya msimamizi mmoja Mzungu, aliyelipwa kuyaangalia kwa niaba yao. Ni vigumu kuona jinsi watu wasiozoea kuaminiana katika hesabu wangaliweza kupatana hivyo katika majuma machache.

Mwaka 1945 walipoanza kurudi, ardhi ilikuwa ingali yao. Lakini hao wazee waliozaliwa Japani hawakuruhusiwa kuwa raia mpaka mwaka 1952, na baadhi yao walikuwa wameilima nchi ile kwa miaka zaidi ya 40.