Msamaha wa Kodi Usiomfikia Mgonjwa

Kenya imefungua dirisha la msamaha wa kodi mara mbili katika miaka ya karibuni. La kwanza lilitokana na Sheria ya Fedha ya 2023: riba na adhabu za madeni ya hadi Desemba 31, 2022 zingefutwa, mradi kodi yenyewe iwe imelipwa kufikia Juni 30, 2024. La pili lilifunguliwa Desemba 2024 kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023, likafungwa Juni 30, 2025. Tanzania nayo ilisamehe riba na adhabu mwaka 2018, ikaacha deni la msingi palepale. Wengi walipumua. Lakini msamaha wa namna hiyo humfaa zaidi mwenye fedha aliyechelewa, kwa kuwa sharti lake ni kulipa kodi ya msingi. Mwenye duka aliyezembea huku akiba yake iko benki alinufaika mara moja. Aliyemaliza mtaji wake kulipia matibabu ya figo ya mkewe hakuwa na cha kuanzia, na yeye ndiye aliyehitaji nafuu kuliko wote.

Wakati huohuo deni halisubiri mgonjwa apone. Nchini Kenya, kuchelewa kulipa huleta adhabu ya asilimia 5, kisha riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Anayedaiwa shilingi 100,000 akalala kitandani miaka miwili huamka akidaiwa 129,000, na mamlaka ya kodi ina uwezo wa kuiagiza benki yake itoe fedha zilizomo kwenye akaunti. Kinachohitajika ni mlango ulio wazi mwaka mzima, unaopima hali ya mtu mmoja mmoja kwa vigezo vilivyoandikwa na kujulikana.

Mlango kama huo upo kwingine. Australia, mtu binafsi anaweza kuomba afutiwe kodi ya mapato ikiwa kuilipa kutamnyima mahitaji ya lazima kama chakula, makazi na matibabu. Marekani, sheria inaitaka mamlaka ya kodi iachie mshahara au akaunti iliyozuiwa pale inapothibitika kwamba mdaiwa hawezi kumudu gharama za msingi za maisha. Deni lake linaweza kuwekwa kando. Riba huendelea kuhesabiwa, lakini muda wa kulidai kwa kawaida ni miaka 10 tangu kodi ilipokadiriwa. Huenda Waswahili wengi wanaoendesha malori au kuhudumia wazee huko hawajui kwamba haki hiyo ni yao pia.

Wapo watakaosema huruma hii itazaa waongo na kuwavunja moyo wanaolipa kwa wakati. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu mwombaji Marekani huombwa kuonyesha mapato, mali na matumizi yake, na hali yake ikibadilika anaweza kudaiwa tena. Mwongo hukumbana na maswali mengi hapa kuliko kwenye msamaha wa jumla, ambao haumuulizi mtu kwa nini alichelewa. Tena si kila deni linastahili kufutwa. Australia haifuti kodi ya mauzo kwa njia hii, nami naona ni haki: VAT aliyotoza mfanyabiashara, au kodi aliyokata kwenye mishahara ya wafanyakazi, haikuwa fedha yake. Kuhusu mlipakodi mwaminifu, sioni anachofaidi pale serikali inapomnyang'anya mjane cherehani inayomlisha. Mwaka unaofuata mjane huyo hatakuwa na mapato ya kutozwa.

Aliyekwama leo asikimbie barua. Awasilishe ritani hata kama hana senti, kwa sababu kutoiwasilisha Kenya ni kosa linalojitegemea, lenye adhabu isiyopungua shilingi 2,000 kwa ritani ya mapato ya mtu binafsi. Kisha aandike kuomba kulipa kwa awamu anazoweza kweli, aambatishe hati za hospitali na taarifa za benki, na adai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.