Mashamba ya viungo Unguja: wageni wengi, fedha haifiki shambani

Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000 mwaka 2023, na mwaka uliofuata wakapita 736,000. Takwimu hizo za serikali ndizo anazozitanguliza ofisa mmoja wa utalii, asiyetaka jina lake liandikwe, anapoulizwa hali ya mashamba ya viungo. Utalii, anasema, unachangia karibu asilimia 30 ya pato la visiwa, na ziara ya viungo ni miongoni mwa zinazouzika zaidi Unguja. Kwa hiyo wenye mashamba nao wamo katika neema. Hesabu yake inaanzia uwanja wa ndege na bandarini. Kizimbani, kwenye mashamba yenyewe, haifiki.

Mwenye shamba mmoja upande wa Kidichi ana hesabu nyingine. Eka zake tatu amerithi kwa baba yake, aliyegaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Humo mna mdalasini, iliki, mkungumanga, pilipili manga iliyotambaa juu ya miti, mzingefuri na mlangilangi. Mgeni, anaeleza, halipi shambani. Hulipa hotelini au kwa wakala wa mjini, na anayelala Nungwi au Paje hutozwa zaidi ya aliyechukuliwa Darajani. Fedha hiyo huanza kumegwa mapema: wakala ana chake, dereva ana chake, papasi aliyemshika mgeni barabarani ana chake, mtembezaji naye vivyo hivyo. Shambani hufika ada ndogo ya kichwa. Siku nyingine haifiki hata hiyo, inafika ahadi kwamba wageni watanunua viungo vilivyopangwa mezani.

Linalomuuma zaidi ni kwamba dereva ndiye anayechagua shamba. Mwenye shamba akikataa kumkatia kamisheni ya mauzo ya mezani, kesho gari linapinda kwa jirani. Kwa hiyo bei ya paketi inapandishwa ili kamisheni itoke humo, mgeni anaona anaibiwa, ananunua kidogo, na lawama inabaki kwa mkulima. Mkwezi anayepanda mnazi huku akiimba, na vijana wanaosuka kofia na vikapu vya makuti, hawana mshahara, wanategemea bakshishi. Siku hizi, anasema, wageni wengi wamelipia kila kitu kwa kadi tangu kwao na wanashuka garini bila noti mfukoni.

Madereva watajibu kwamba mafuta, leseni na matengenezo ya gari ni juu yao, nao hawasemi uongo. Hata hivyo malalamiko ya mzee huyu yana uzito zaidi kuliko idadi ya wageni waliogongewa mihuri, kwa sababu meza za mashambani zinayathibitisha. Tazama zilivyopangwa: pembeni ya mdalasini na manjano kuna paketi za zafarani, na zafarani hailimwi Unguja. Shamba linaloishi kwa kuuza bidhaa iliyonunuliwa kwingine halina sababu kubwa ya kuhangaika na mti. Na mti wa kiungo unataka kuhangaikiwa. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Vanila huchavushwa kwa mkono, ua moja moja, na ua hilo hufunguka asubuhi moja tu. Mtembezaji hodari humweleza mgeni yote haya, lakini hakuna anayelipia kazi yenyewe.

Karafuu, angalau, ina mnunuzi. Sheria inataka karafuu kavu ziuzwe serikalini, kwa bei inayotangazwa, na sehemu kubwa ya zao hilo inatoka Pemba. Mtu anaweza kulaumu bei hiyo, lakini anaijua. Mdalasini, iliki na kungumanga za mashamba ya ziara hazina mnunuzi wa namna hiyo. Soko lake la karibu ni mgeni yule yule aliyekwisha kulipa hotelini.

Halafu kuna nyumba. Mji umekwisha kuvuka Bububu na unazidi kusogea Dole na Kidichi, na eka iliyokatwa viwanja huleta fedha ya mara moja ambayo ziara za miaka haziwezi kuifikia. Mzee wetu anasema hatauza. Kwa wanawe hakuweka ahadi.

Mashamba machache yameanza kujiuzia ziara yenyewe, yakiongeza chakula cha mchana na mafunzo ya kupika pilau, na fedha yakaipokea mikononi mwao. Huenda hiyo ikawa njia, ingawa inahitaji simu nzuri, Kiingereza cha kutosha na mtaji wa kusubiri, navyo haviko kila nyumba. Ofisa ana imani kwamba wageni wataongezeka tena, na pengine hakosei. Ila ongezeko likipita kwenye hoteli ambako mgeni hulipia kula, kunywa na matembezi kwa mkupuo mmoja, ni vigumu kuona fedha itakavyofika Kidichi, hasa Aprili na Mei, wakati mvua za masika zinapofukuza magari na palizi likiwa limepamba moto.