LAND ROVER YA ZAMANI: ISIMAME KWANZA, NDIPO IKIMBIE

Kama unakaa Kolwezi, Fungurume ao Likasi, labda unajua nyumba ambayo iko na Land Rover ya zamani nyuma ya lupango, chini ya muembe. Baba aliipata wakati wa kazi ya Gécamines, ao mjomba aliiacha. Mwili wake ni aluminiumu, kwa hiyo haukuoza. Ukisukuma kidogo, moteri inawaka. Watoto wanasema: "Baba, tuitengeneze, tuende nayo Lubumbashi!"

Wazo ni zuri. Lakini tuanzie wapi? Wengi wanaanzia kwa rangi, pine kubwa na taa nne za mbele. Wengine wanatia moteri yenye nguvu zaidi. Sisi tunakuambia: anza na freni, kisha umeme. Mambo mengine yote yanaweza kungoja.

Kwa nini freni kwanza?

Land Rover Series II ilitoka mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III ilitengenezwa toka 1971 mpaka 1985. Zilifanywa kwa mashamba na njia za pori, kwenda polepole. Leo unaingia nayo kwenye lami, katikati ya kamio zinazobeba shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa. Na ujue hesabu hii: ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 40 kufika 80 kwa saa, nguvu ambayo freni zinapaswa kuzuia inakuwa mara nne, hapana mara mbili.

Shofere wengi wanasema: "Pompa tu mara tatu, itakamata." Ndugu, mtoto anayevuka barabara hangoji upompe mara tatu. Pedali inayohitaji kupompwa inakuonyesha kwamba kuna hewa ndani ya mirija, ao mpira umechoka, ao viatu vya freni havikurekebishwa.

Tazama kwanza mafuta ya freni. Mafuta haya yanavuta maji kutoka hewani. DOT 3 mpya inachemka kwenye digri 205. Ikiisha kunywa maji inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Ikichemka inafanya mvuke, na pedali inakwenda chini bila kitu. Badilisha yote kila miaka miwili. Usitie kamwe mafuta ya moteri mahali pake: yanavimbisha mipira, na freni zinaharibika zote.

Lazima tutie diski?

Watu wanafikiri kuboresha freni ni kutia diski tu. Diski ni nzuri, zinapoa upesi na zinakauka upesi zikiisha kupita majini. Lakini vyombo vyake kwa Land Rover hizi vinaagizwa mbali, na bei ni kali. Kuna njia ya karibu. Land Rover fupi, ile ya 88, iko na ngoma za freni za inchi 10. Ile ndefu ya 109 iko na ngoma za inchi 11, na kwa magurudumu ya mbele kila kiatu kinasukumwa na pampu yake ndogo. Fundi mzuri anaweza kutoa freni za mbele za 109 iliyokufa na kuzifunga kwa 88. Awe mwangalifu asibadilishe upande wa kushoto na wa kuume: zikigeuzwa, zinakamata vizuri ukirudi nyuma, na ukienda mbele zinakuwa zaifu.

Jambo la pili ni pampu kubwa iliyo karibu na pedali. Nyingi za zamani ziko na njia moja tu: mrija mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne yanakosa freni. Tia pampu ya njia mbili, moja kwa mbele na moja kwa nyuma. Marekani ilidai jambo hili kwa magari mapya toka 1968. Freni ya mkono ya Land Rover inashika mti wa kuzungusha magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo weka mawe kwenye pine mbele ya kuinua gari.

Na umeme je?

Freni zinakusimamisha wewe. Umeme unamwambia yule wa nyuma kwamba unasimama. Usiku, ndani ya mavumbi ao mvua ya mwezi wa kwanza, taa nyekundu iliyofifia ni kama hakuna taa.

Land Rover za mbele ya Series III ziko na dinamo. Dinamo ya kawaida ya Lucas C40 inatoa ampere 22, ni kusema wati 264 hivi. Hesabu: taa mbili za mbele 110, taa mbili ulizoongeza 110, kifuta kioo karibu 50. Imekwisha! Tena, moteri ikizunguka polepole, dinamo haitoi karibu kitu. Unangoja nyuma ya kamio kwa kizuizi, batri inajimaliza. Alternateri ya Lucas 16ACR inatoa ampere 34, ya 18ACR inafika 45 hivi, na zinaanza kulisha batri hata moteri ikiwa polepole.

Lakini angalia mambo haya:

1. Land Rover nyingi za mbele ya mwisho wa 1967 ziko na waya wa plus wa batri uliofungwa kwenye chuma cha gari. Alternateri inataka minus. Geuza kwanza, ama sivyo itaungua mara moja.
2. Ondoa sanduku la regulateri ya dinamo. Alternateri iko na yake ndani.
3. Tia waya mnene kutoka alternateri kwenda batri.
4. Taa ndogo ya kuonyesha chaji iwe nzima. Ikiungua, alternateri inaweza kukataa kuanza.
5. Usitoe batri wakati moteri inazunguka, wala usifanye sudire bila kutenga alternateri.

Kisha pima: moteri ikilala, batri iwe karibu volti 12.6, ikizunguka, kati ya 13.8 na 14.4. Ikipita 15, batri itachemka.

Mbele ya safari

Mtume mtoto mkubwa nyuma ya gari, wewe ukanyage pedali: je, taa zote mbili zinawaka vizuri? Kanyaga kwa nguvu, uhesabu mpaka 30: ikishuka polepole, kuna mahali panapovuja. Kisha jaribu freni katika kiwanja kitupu, kwa mwendo mdogo. Gari likivuta upande mmoja, rudi kwa fundi.

Kama feza haitoshi kwa kazi zote mbili, fanya freni, na utembee mchana tu mpaka upate alternateri. Rangi itakuja siku yake. Jamaa yako haitauliza Land Rover ilikuwa na rangi gani. Itafurahi kukuona umefika.