Kadi zinatoka na madoa? Angalia maji kwanza

Leo siongelei bei wala matangazo, naongelea maji.

Mimi nauza hereni na mikufu mtandaoni, niko Mbagala. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi wetu tunafunga mzigo kwenye karatasi. Mimi nikaongezea kadi za asante, natengeneza mwenyewe kwa madaftari ya zamani. Nachana, naloweka usiku kucha, nasaga kwenye blenda, nachota lile rojo kwa fremu yenye wavu, nakamua, naanika. Dada mmoja muuza keki akazipenda, akaagiza 150.

Nikatumia maji ya kisima cha jirani, meupe kabisa kwa macho. Siku ya tatu kadi zote zina madoa ya rangi ya kutu. Nikarudisha hela ya watu.

Kumbe yale maji yana madini ya chuma. Yakiwa chini ya ardhi huyaoni, yakishakutana na hewa yanageuka kutu na kung'ang'ania kwenye karatasi. Viwanda vya karatasi, kama kile cha Mgololo kule Mufindi, vinatumia maji mengi sana, na kawaida ya kazi hiyo ni kutuliza na kuchuja maji ya mto kabla hayajagusa rojo. Sisi wa blenda tunadhani maji ni maji tu!

Sasa hivi najaza chupa nyeupe, naiacha wazi mpaka asubuhi. Nikikuta wekundu chini, najua. Namimina maji ndoo kwa ndoo mara nyingi yapate hewa, nayaacha usiku mzima, halafu nachuja kwa mchanga laini uliooshwa vizuri na kitambaa juu yake. Maji yakiwa na tope, natia shabu kidogo, nakoroga, nayaacha yatulie. Kidogo jamani. Shabu ikizidi, karatasi inakuja kuwa ya njano na kukatika ukiikunja.

Ila maji ya chumvi usihangaike nayo. Kuchemsha hakutoi chumvi, shabu haitoi, mchanga hautoi. Kadi inavuta unyevu, na joto letu hili la Dar wino unasambaa. Hapo ni maji baridi tu, ya bomba au ya mvua. Ya bomba mengi yanatoka mto Ruvu na yana dawa, kwa hiyo kama unatia rangi yaache wazi usiku kucha kwanza.

Maji yanayobaki kwenye beseni usimwage, loweka nayo karatasi za awamu inayofuata. Nilikuwa namwaga mtaroni, yale mabaki yakaziba, mama mwenye nyumba akanijia juu.

Yule dada wa keki nilimtengenezea upya kwa maji ya mvua. Alichukua 80 tu. Zilizobaki nazituma na hereni zangu.