Mtoto akichelewa kusema Garsen, aanzie wapi?

Mtoto akichelewa kusema hapa Garsen, majibu hayakosi. Nyanya atasema hata babake alichelewa. Jirani atashauri akatwe kile kiuzi cha chini ya ulimi. Mwingine atalaumu lugha nyingi: Kipokomo au Kiorma nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza shuleni. Hilo la lugha naomba tuachane nalo kabisa. Lugha mbili au tatu hazimfanyi mtoto kuwa bubu. Zungumza naye ile uijuayo vizuri. Na ulimi ulioshikana chini huenda ukaharibu matamshi ya maneno machache, ila haumnyamazishi mtoto.

Tuanze na masikio. Asiyesikia hawezi kuiga sauti. Usaha wa masikio unaojirudia, homa ya uti wa mgongo, au manjano makali ya siku za kwanza baada ya kuzaliwa huweza kuharibu usikivu. Basi omba apimwe kusikia kwanza. Mtoto aliyetimiza miaka miwili na bado haunganishi maneno mawili, kama "mama njoo", apelekwe hospitalini, asisubiriwe.

Taabu huanzia hapo. Tiba ya usemi si sindano. Ni mazoezi ya wiki baada ya wiki, kwa miezi: kucheza, kupokezana zamu, kutaja kitu, kumngoja ajibu. Wataalamu wake nchini ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Mama wa Idsowe atalipa nauli hiyo mara ngapi kwa mwezi? Mto nao ukifurika, kama mwishoni mwa 2023, barabara hukatika.

Ndiyo maana naona kudai mtaalamu mmoja wa kukaa Hola hakutoshi, ingawa tudai. Aje Garsen kwa ratiba inayojulikana, na kazi yake kubwa iwe kuwafundisha mazoezi hayo wazazi, walimu wa chekechea na wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba. Mama anayemwogesha mwanawe akitaja "mkono, mguu, sikio", kisha akanyamaza kidogo kumngoja, anafanya tiba bila nauli.

Kwa aliyefika umri wa shule, mwombe mwalimu mkuu akuelekeze kituo cha EARC. Hivi ni vituo vya Wizara ya Elimu vilivyoanza 1984, vya kupima watoto wenye mahitaji maalum. Nenda na kadi yake ya kliniki.