Maswali ya kabla ya kisu

Kwa toleo hili nimeombwa niandike juu ya fani yangu ya saikolojia, nami naona bora nianze na kisa kilichonikuta mwenyewe hapa hapa Sydney.

Kuna shangazi yangu mmoja Blacktown (si wa damu, lakini ugenini nani si ndugu?) aliyekuwa anajiandaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Kisukari kimemwandama, magoti hayataki tena ngazi. Daktari akamwambia lazima kwanza aonane na mwanasaikolojia. Shangazi akang'aka: "Mwanangu, mimi nina unene, sina wazimu!" Basi nikaenda naye niwe mkalimani.

Kule ndani akaulizwa kama huwa anakula usiku kwa siri, au anakula mpaka anashindwa kujizuia. Akajibu, "Hapana, hata kidogo." Nikatafsiri vilevile. Kwenye treni ya kurudi ndo akaniambia polepole: "Ningesemaje mbele yako, mtoto wangu? Kila usiku naamka nakula. Tangu tulipokuwa kambini Nyarugusu, nikiona chakula nahisi kesho hakitakuwepo."

Jamani, sikuwa na la kusema mpaka tukapita Parramatta.

Sasa hebu tuelewane. Upasuaji unaofanywa zaidi Australia siku hizi ni wa kuondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kama robo tatu au zaidi, linabaki kama mrija mwembamba. Mwingine hufanya tumbo kuwa kifuko kidogo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo wa chini. Mkanda wa kubana tumbo, uliovuma sana nchini hapa miaka ya 2000, umepungua mno. Njia zote hizi zinabadilisha tumbo. Ile hofu ya kwamba kesho hakuna chakula inabaki palepale.

Ndiyo maana tangu 1991 kikao cha wataalamu wa Marekani, kilichoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, kilishauri mgonjwa apimwe na timu nzima: daktari wa upasuaji, daktari wa magonjwa ya ndani, mtu wa lishe na mtu wa afya ya akili. Huyu wa mwisho anataka kujua mambo ya kawaida tu. Je, mgonjwa anaelewa kwamba atakula kidogo kidogo na kumeza vitamini maisha yake yote? Ana sonona, yaani ule mzigo wa moyo usioisha? Anakunywa pombe kiasi gani? Nyumbani nani atamsaidia?

Je, majibu hayo yanatabiri nani atapungua? Hapa niwe mkweli. Mwaka 2016 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi. Miongoni mwa watu wanaotafuta upasuaji huu, asilimia 19 walikuwa na sonona na asilimia 17 walikuwa na tabia ya kula kwa pupa bila kujizuia. Lakini haukuonekana ushahidi wa uhakika kwamba matatizo hayo, yakiwepo kabla, yanamfanya mtu apungue kilo chache. Tena sonona mara nyingi ilipungua baada ya upasuaji.

Kwani sasa maswali ya nini? Ni kwa ajili ya yale yanayokuja baadaye. Anayeshindwa kujizuia kula baada ya upasuaji, huyo ndiye mara nyingi hupungua kidogo au hurudisha kilo. Pombe nayo hupanda kichwani haraka kuliko zamani. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2012 ulikuta waliokuwa na tatizo la pombe ni asilimia 7.6 kabla ya upasuaji, na asilimia 9.6 mwaka wa pili baada yake. Na kule Utah, mwaka 2007, iligundulika kwamba vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 40 kwa waliopasuliwa, lakini vile visivyotokana na maradhi, kama ajali na kujiua, vilizidi kwa asilimia 58. Kwa hiyo mwanasaikolojia hakai pale kukupasisha au kukufelisha. Anataka kukujua mapema ili baadaye asikupoteze.

Shangazi alirudi, safari hii na mkalimani wa kazi, mimi nikabaki nje. Alisema yote. Hakufukuzwa. Aliombwa asubiri miezi michache, akafundishwa kula kwa saa maalumu na akapata mtu wa kuzungumza naye habari za kambini. Baadaye akapasuliwa. Kilo zimepungua, ila usiku bado ni vita. Lakini sasa kuna mtu anayejua.

Wenzangu, tunaitwa ukalimani kila siku kwa sababu Kiingereza chetu ni kizuri. Mzee akiulizwa mambo ya moyoni, tusikae katikati. Hospitali za serikali hapa New South Wales hutoa mkalimani bure, ni kuomba tu. Na ukiwa na mgonjwa anayejiandaa kwa kisu, mwambie aseme kweli, haulizwi ili anyimwe.

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.